UZI: "Nitageuza TTC yetu iwe chuo cha jamii." Ahadi hii ina nini ndani yake?

1/ Kila msimu wa siasa ahadi hii inarudi. Mgombea anasimama juu ya gari, ananyoosha kidole upande wa chuo cha ualimu, anasema: "Mabweni pale yako wazi na vijana wetu wanakaa tu. Mkinichagua, ile TTC inakuwa chuo cha jamii." Makofi. Wapinzani wake wanajibu ati anataka kuua ualimu. Kuanzia hapo ni kelele tu mpaka siku ya kura.

2/ Leo sitaji mtu wala chama. Nataka tuifungue ahadi yenyewe tuone ndani: nani ana mamlaka ya kuitimiza, ardhi ni ya nani, wakufunzi wataenda wapi, na mtoto wa gredi ya kwanza atafundishwa na nani miaka kumi ijayo. Mwisho kuna maswali ya kubeba barazani. Screenshot ni bure.

3/ Tuanze na anayetaka kugeuza, maana hoja yake si upuzi. Zamani cheti cha P1 kilichukua miaka miwili. Mwaka wa 2021 TTC zikaanza kupokea wanafunzi wa diploma ya ualimu wa shule za msingi, kozi ya miaka mitatu, ili mwalimu aendane na mtaala wa CBC. Mwaka mmoja zaidi ni karo ya mwaka mmoja zaidi, na kigezo cha alama za KCSE kikawafungia nje wengi. Vyuo kadhaa vikabaki na vitanda vingi kuliko wanafunzi.

4/ Kisha kuna swali la mzazi: mtoto akimaliza, ataajiriwa wapi? TSC yenyewe imewahi kutaja hadharani zaidi ya walimu 300,000 waliosajiliwa ambao haijawaajiri. Mzazi akiangalia jirani mwenye cheti cha ualimu anauza mitumba, halafu amwone kijana wa kuchomelea vyuma akijenga nyumba, unatarajia afikirie nini?

5/ Lakini angalia kitendawili kilichopo. Shule zinalia hazina walimu, na walimu wanalia hawana kazi. Yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja. Kinachokosekana katikati ni bajeti ya kuajiri. Kwa hivyo bweni tupu la TTC halithibitishi kwamba watoto wametosheka na walimu. Familia ikikosa pesa ya unga, huwezi kusema imeshiba.

6/ Sasa, chuo cha jamii ni mnyama gani? Jina limetoka Marekani. Chuo cha Joliet, jimbo la Illinois, kilianza mwaka wa 1901 na ndicho hutajwa kama cha kwanza cha umma cha aina hiyo ambacho bado kipo. Jina lenyewe lilishika kasi baada ya ripoti ya tume ya rais kuhusu elimu ya juu ya mwaka wa 1947.

7/ Sifa zake ni hizi: kiko karibu na nyumbani, karo ni nafuu, hakikufungii mlango kwa sababu ya alama, kina masomo ya jioni kwa mtu aliye kazini, na ukimaliza miaka miwili unaweza kuendelea chuo kikuu bila kuanza upya. Ni kitu kizuri. Sina ugomvi nacho hata kidogo.

8/ Shida ni kwamba ukifungua sheria yetu ya TVET ya mwaka wa 2013, hutapata kundi la taasisi linaloitwa chuo cha jamii. Utapata vituo vya mafunzo ya ufundi, yaani VTC, zile tulizozoea kuziita politekniki za kijiji. Juu yake kuna vyuo vya kiufundi, halafu politekniki za kitaifa.

9/ Kwa hivyo mgombea akisema "chuo cha jamii", swali la kwanza ni: unamaanisha kipi kati ya hivyo? Usidhani ni swali la wanasheria. Jibu lake ndilo linaamua nani atalipa mishahara, nani atasimamia mitihani, na cheti cha mtoto wako kitatambuliwa na nani.

10/ Tuingie kwenye Katiba. Jedwali la Nne limegawa kazi. Shule za msingi, za upili, vyuo vikuu na taasisi za elimu ya juu ziko upande wa serikali ya kitaifa. Kaunti imepewa chekechea, politekniki za kijiji, vituo vya sayansikimu na vya kulea watoto. TTC ya umma iko upande wa kitaifa. VTC iko upande wa kaunti.

11/ Tafsiri yake ni nyepesi: gavana hawezi kuamka asubuhi akageuza TTC kuwa chochote. Si yake. Mbunge naye anaweza kupiga kelele, kuwasilisha hoja, kusukuma wizara, lakini hana kalamu ya kutia sahihi. MCA ndiyo kabisa. Tangazo la kando ya barabara halibadilishi hadhi ya chuo, hata likipigiwa vigelegele namna gani.

12/ Je, haiwezekani kamwe? Inawezekana. Kifungu cha 187 kinaruhusu ngazi moja ya serikali kukabidhi nyingine jukumu kwa makubaliano, mradi rasilimali za kulitekeleza zifuate. Hayo maneno ya mwisho yapigie mstari. Jukumu bila pesa ni mzigo umetuliwa kwa jirani.

13/ Hata kama chuo kitabaki mikononi mwa serikali ya kitaifa, bado kuna kuhama. Wizara ya Elimu ni moja lakini nyumba ndani yake ni kadhaa. TTC ziko chini ya idara ya elimu ya msingi, vyuo vya ufundi vina idara yake. Bajeti tofauti, wasimamizi tofauti, mitihani tofauti. Kubadilisha kibao cha langoni ni kazi ya siku moja. Kuhamisha faili, mali na madeni ni kazi ya miaka.

14/ Ardhi. Hapa ndipo nawaomba mfungue macho yote mawili. Vyuo vyetu vingi vya zamani vina ekari nyingi, na mara nyingi mji umekua ukavizunguka. Vingine vilianzishwa na wamisionari na kanisa bado ni mfadhili. Kabla ya kugeuza chochote, uliza: hati miliki iko kwa jina la nani? La chuo? La kanisa? La iliyokuwa baraza la kaunti? Au haipo?

15/ Siulizi kwa sababu ya umbea. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka wa 2004 ilieleza kwa kirefu jinsi ardhi za umma zilivyogawiwa watu binafsi kinyume cha sheria. Taasisi inapobadilisha jina na mwenyewe kwa wakati mmoja, huo ndio muda ambapo ekari tano za nyuma, kule kwenye shamba la mahindi la chuo, zinaweza "kusahaulika". Hati ipatikane kwanza, kibao kibadilishwe baadaye.

16/ Wakufunzi. Wakufunzi wa TTC ya umma wameajiriwa na TSC, tume iliyoundwa na Kifungu cha 237 cha Katiba. Wale wa vyuo vya ufundi vya kitaifa waliondolewa TSC mwaka wa 2018 wakawekwa chini ya Tume ya Utumishi wa Umma. Wale wa VTC ni wa kaunti. Kwa hivyo mkufunzi wa Kiswahili pale TTC hawezi kulala akiwa wa TSC akaamka akiwa wa kaunti bila pensheni yake, cheo chake na ridhaa yake kuzungumziwa.

17/ Tena tuseme ukweli: mtu aliyebobea katika mbinu za kumfundisha mtoto kusoma si mtu wa kufundisha kurekebisha injini. Kwa hivyo utahitaji wakufunzi wapya, na wale wa zamani wahamishiwe TTC nyingine. Mgombea ambaye hajataja mishahara ya hao wapya hajamaliza sentensi yake.

18/ Vifaa. TTC ina madarasa, maktaba, ukumbi, jikoni na mabweni. Chuo cha ufundi kinahitaji karakana, mashine za kuchomelea, magari ya kufungua na kufunga, cherehani, saluni ya mafunzo, na mara nyingi umeme wa fezi tatu. Darasa lenye ubao na madawati hamsini haligeuki karakana kwa kuitwa karakana.

19/ Wanafunzi waliomo. Aliye mwaka wa pili wa diploma amelipiwa karo kwa kuuza ng'ombe. Ataachwa amalize? Atahamishiwa chuo gani, umbali gani, na nani atalipa tofauti ya gharama? Mpango wowote wa maana unasema: tunaacha kupokea wapya mwaka fulani, waliomo wanamaliza hapa hapa, kisha ndipo tunafunga.

20/ Kuna wengine ambao hawatajwi kabisa. TTC nyingi zina shule ya msingi ndani au kando ya ua, pale wanafunzi wa ualimu wanapofanyia mazoezi ya kufundisha. Shule hiyo imezoea kuwa na chuo mgongoni: watu wa kusaidia darasani, uwanja, wakati mwingine hata maji. Chuo kikigeuka, wazazi wa shule hiyo wana haki ya kuwa mezani tangu kikao cha kwanza.

21/ "Lakini mbona vyuo vimegeuzwa zamani na jua bado linachomoza?" Swali zuri. Tuangalie Kisii. Ilianza mwaka wa 1965 kama chuo cha walimu wa msingi. 1983 ikapandishwa kufundisha walimu wa sekondari. 1994 ikawa kampasi ya Egerton. 2007 ikawa chuo kikuu kishiriki, na 2013 ikapata hati kamili ya chuo kikuu. Safari ya miaka 48, hatua kwa hatua. Hakuna aliyeimaliza kwa muhula mmoja wa siasa.

22/ Kuna wengine. Chuo Kikuu cha Maseno kilimeza Chuo cha Ualimu cha Siriba. Chuo Kikuu cha Maasai Mara kilianza mwaka wa 2008 kwenye majengo ya TTC ya Narok. Kenya Science pale Nairobi, iliyoanzishwa miaka ya sitini kwa msaada wa Sweden kufundisha walimu wa sayansi, ikaishia kuwa kampasi ya Chuo Kikuu cha Nairobi.

23/ Ukizipanga hizo kesi utaona kitu: zote zilipanda juu kuelekea chuo kikuu. Mji ulipata jina kubwa, kodi za nyumba zikapanda, wanasiasa wakapata cha kujisifia. Hesabu ya upande wa pili haikufanywa kwa sauti: nani sasa anafanya ile kazi iliyokuwa ikifanywa pale? Kujenga chuo kingine cha kuchukua nafasi hiyo ni gharama ileile uliyodhani umeikwepa.

24/ Hata ufundi uliwahi kuumia hivyo. Kenya Polytechnic na Mombasa Polytechnic zilipelekwa juu, na mwaka wa 2013 zikawa vyuo vikuu vya kiufundi kamili. Ngazi ya kati ikabaki na pengo, na mwaka uliofuata, 2014, taasisi za Eldoret na Kisumu zikapandishwa kuwa politekniki za kitaifa. Unaona mzunguko? Tunang'oa ngazi ya katikati, halafu tunaanza kuitafuta.

25/ Kesi inayonigusa zaidi ni Garissa. Chuo kikuu kilianza pale mwaka wa 2011 kwenye majengo yaliyokuwa ya TTC. Miaka michache baadaye, kuanzia mwisho wa 2014, walimu wengi waliotoka sehemu nyingine za nchi waliondoka eneo la kaskazini mashariki kwa sababu ya usalama, na madarasa yakabaki bila mtu.

26/ Sisemi chuo kikuu ndicho kilichosababisha hayo, hapana. Na kaskazini mashariki inastahili chuo kikuu kama kwingine kokote. Ninachosema ni hiki: siku mwalimu wa kutoka mbali anapofunga virago, ndipo unajua thamani ya chuo kinachomfundisha msichana wa hapo hapo, anayejua lugha ya watoto na ambaye kwao ni kilomita mbili. TTC ya karibu ni sera ya walimu. Bweni ni sehemu ndogo tu ya thamani yake.

27/ Kuna jambo lingine ambalo magavana wanapaswa kulifikiria mara mbili. Chekechea ni jukumu la kaunti. Walimu wa chekechea wanaajiriwa na kaunti. Baadhi ya TTC ndizo zinazotoa diploma ya walimu hao. Kaunti ikishangilia kufungwa kwa TTC, inaweza kuwa inashangilia kuziba kisima ambacho yenyewe inachota maji.

28/ Basi tufanye nini na hayo mabweni matupu? Mimi naona neno lote la vita liko hapa: kugeuza au kuongeza. Kugeuza ni kubadilishana, unatoa ualimu unapata ufundi. Kuongeza ni kuacha ualimu uendelee na kufungua mlango wa pili. Mgombea akisema "kugeuza", anauza. Muulize bei.

29/ Kuongeza kunaweza kuwa hivi: mrengo mmoja wa chuo unasajiliwa na TVETA kutoa kozi za ufundi, karakana zinajengwa, masomo ya jioni na Jumamosi yanafunguliwa kwa mama mboga anayetaka kujifunza hesabu za biashara na fundi wa jua kali anayetaka kufanya mtihani wa NITA. Ada inakuwa ya mtu anayelala kwake. Huo moyo wa chuo cha jamii unaupata bila kufukuza mwanafunzi hata mmoja wa ualimu.

30/ Njia nyingine ni kutazama VTC iliyo kilomita tatu kutoka hapo. Mara nyingi ipo, ina paa linalovuja, mkufunzi mmoja wa ushonaji na mashine mbovu. Hiyo ni ya kaunti tayari. Haihitaji makubaliano ya ngazi mbili, haihitaji kuhamisha mtu TSC. Kama lengo ni vijana wapate ufundi, mbona safari ianzie kwenye chuo ambacho si chako na kuruka kile ambacho ni chako?

31/ Je, kuna wakati kugeuza kabisa ni sawa? Ndiyo. Kama TTC nyingine iko karibu na ina nafasi, kama TSC imesema hesabu yake ya walimu wa eneo hilo inakaa sawa, kama waliomo watamaliza, kama hati miliki iko salama na bajeti ya karakana imetengwa, basi kugeuza kuna mantiki. Mimi mwenyewe ningepiga kura ya ndiyo. Ila hayo yote yawe kwenye karatasi.

32/ Kuhusu karatasi: sheria ya serikali za kaunti ya mwaka wa 2012, kifungu cha 104, inasema pesa za umma hazitengwi nje ya mpango wa kaunti. Kuna mpango wa miaka mitano, ule tunaouita CIDP, na mpango wa kila mwaka. Ahadi ya gavana ikiwa haimo humo, haina hata shilingi. Ikiwa ni ya serikali ya kitaifa, tafuta bajeti ya wizara na tangazo kwenye Gazeti Rasmi. Vikikosekana hivyo viwili, ulichosikia ni hotuba tu.

33/ Haya, maswali ya kubeba barazani. Uliza kwa heshima, lakini ngoja jibu:

a) Mheshimiwa, hicho chuo cha jamii ni VTC, chuo cha kiufundi au politekniki?
b) Nani ana mamlaka ya kukigeuza, na umezungumza naye lini?
c) Hati miliki ya ardhi iko kwa jina la nani? Tunaweza kuiona?
d) Wakufunzi wa TSC watapelekwa wapi, na wapya watalipwa na nani?
e) Wanafunzi wa ualimu waliomo watamalizia wapi?
f) Karakana zitagharimu pesa ngapi, na ziko ukurasa gani wa bajeti?
g) Msichana wa hapa anayetaka kuwa mwalimu ataenda chuo gani, na nauli ni ngapi?
h) Kwa nini usianze na VTC tuliyo nayo?

34/ Na ninyi mnaopinga, msitoroke. "Msiguse TTC yetu" halijibu bweni tupu. Mnataka chuo kibaki? Semeni kitajazwaje: bursari za kaunti kwa wanaosomea ualimu, alama za kuingilia zijadiliwe bila kushusha ubora, TSC ipewe bajeti ya kuajiri. Chuo kisicho na wanafunzi kitakufa chenyewe, hata kama hakuna mwanasiasa aliyekigusa.

35/ Vijana wetu wanahitaji ufundi leo, si kesho. Watoto wetu nao wanahitaji mwalimu leo, si kesho. Anayekuja kukuambia lazima uchague kimoja, kwanza akuonyeshe kwamba alijaribu kupata vyote viwili. Ukiwa na kaunti yenye mjadala kama huu, jibu hapa chini uniambie waheshimiwa walijibu swali lipi na wakaruka lipi. Sambaza kabla baraza halijaanza.